Krapi Hawali? Jinsi ya Kutafuta Tatizo Wakati wa Kutaga, Ziwa Kentucky

Kila Aprili malalamiko ya wavuvi wenzetu wa Louisville, Lexington na Bowling Green, hapa jimbo la Kentucky, Marekani, wanaokwenda Ziwa Kentucky kuvua krapi (samaki anayeitwa crappie kwa Kiingereza) huwa ni yaleyale. Kutwa nzima hakuna mguso. Jana ndoo ilijaa, leo hata mmoja. Anauma, anapanda nusu ya njia, anang'oka. Ukiwauliza wamefanya nini, jibu ni moja: tumebadilisha chambo. Kijani, pinki, nyeupe, vidagaa, kisha kijani tena. Hakuna aliyepima joto la maji, wala anayejua ndoana yake inaning'inia futi ngapi.

Hapa tutakwenda kinyume. Chambo ndicho cha mwisho kuguswa. Anza na joto, fuata kina, kisha rangi ya maji, kisha mwendo wa chambo. Tena badilisha jambo moja tu kila mara. Ukibadilisha matatu kwa mpigo na samaki akauma, hutajua ni lipi lililomleta, na kesho utaanza kubahatisha upya. Nimeandika nikilifikiria Ziwa Kentucky na jirani yake Ziwa Barkley, lakini anayevua maziwa ya Taylorsville, Nolin au Barren River atakuta mambo ni hayohayo, ila tarehe na kina vitatofautiana.

Mjue samaki kabla ya dalili

Krapi wako wa aina mbili. Krapi mweupe ana mistari hafifu iliyosimama ubavuni na miiba 5 au 6 kwenye pezi la mgongo. Krapi mweusi ana madoa yaliyotawanyika na miiba 7 au 8. Hesabu miiba, usiamini rangi, maana dume la krapi mweupe likifika wakati wa kutaga hugeuka jeusi kichwani na kifuani hata mtu akaapa kwamba ni krapi mweusi. Mweusi hupenda maji maangavu na yenye mimea. Mweupe huvumilia tope.

Aliyekulia kando ya Ziwa Victoria anamjua sato: dume huchimba kiota, jike hutaga, kisha huyachukua mayai mdomoni na kuondoka nayo. Krapi hafanyi hivyo. Dume hutangulia ukingoni, husafisha mahali pagumu penye changarawe, mchanga au udongo mgumu, mara nyingi kando ya kisiki, mizizi au kichaka kilichozama. Jike husubiri kwenye maji yenye kina kirefu kidogo kuliko hapo, huingia, hutaga na kurudi zake. Dume hubaki akilinda mayai na kuyapepea kwa mapezi. Mayai huanguliwa baada ya siku 2 hadi 5, kulingana na joto la maji, na dume huendelea kuwalinda wachanga mpaka watawanyike. Karibu nusu ya matatizo yaliyomo humu yanaelezwa na jambo hilo moja: dume na jike hawako mahali pamoja isipokuwa kwa muda mfupi sana.

La pili ni macho. Krapi hutazama juu na hula akipanda. Chambo kilicho futi moja juu ya kichwa chake atakifuata. Kilicho nusu futi chini ya tumbo lake anaweza asikione kabisa.

Dalili: kutwa nzima hakuna hata mguso

Pima joto, na ulipime mahali unapovua. Namba inayoonekana kwenye sona, kile kifaa cha mashuani cha kutafutia samaki, ni ya maji ya juu tu, na alasiri ya jua lisilo na upepo maji ya juu yanaweza kuwa na joto nyuzi kadhaa zaidi ya yale ya futi nne chini. Mtu husoma 64°F akadhani samaki wanataga, kumbe chini ni 57°F. Funga kipimajoto cha kawaida kwenye mshipi, kishushe hadi kina unachovua, kiache dakika mbili, kisha ukivute haraka na kukisoma. Pima asubuhi, kipimo cha asubuhi hakidanganyi.

Chini ya 50°F (10°C), krapi wengi bado wako kwenye maji ya kina kirefu, na kupiga vichaka vya ukingoni ni kupoteza siku. Kati ya 50 na 58°F (10 hadi 14°C) wameanza safari. Hawajafika ukingoni, wamesimama njiani kwenye midomo ya mahori, kwenye kingo za mkondo wa zamani wa kijito uliofunikwa na ziwa, kwenye rasi ndogo za ndani ya hori, futi 8 hadi 15, hasa penye kisiki au matawi. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu kalenda inawaambia ni majira ya kutaga nao wanakwenda moja kwa moja ukingoni. Ikifika 58 hadi 62°F (14 hadi 17°C) madume huanza kupanda. Kati ya 62 na 68°F (17 hadi 20°C) ndipo kutaga kunapopamba moto, na ikizidi 70°F (21°C) wengi wameshamaliza.

Ziwa hili halipati joto mahali pote kwa pamoja. Mashua ikizunguka kutoka hori moja hadi jingine inaweza kukuta tofauti ya nyuzi 4 au 5 siku hiyohiyo. Ukingo wa kaskazini wa hori, ule unaotazama kusini, hupata jua zaidi na hukingwa na upepo baridi wa kaskazini, kwa hiyo hutangulia. Mahori madogo yenye maji mafupi na chini nyeusi hutangulia makubwa. Mwanzoni mwa msimu yatafute hayo. Mwishoni mwa msimu geuza: nenda upande uliochelewa, krapi wa huko ndio kwanza wanaanza.

Joto likiwa sawa na bado kimya, tatizo ni kina. Chukua jigi nyeupe (chambo cha bandia chenye ndoana na kichwa kizito), ishushe kando ya mashua taratibu, uangalie ni wapi inapotea machoni. Ikipotea ndani ya futi moja, maji ni ya tope na krapi anaweza kuwa amekaa kwenye futi 1 hadi 3. Ikionekana mpaka futi 2 au 3, anza kwenye futi 3 hadi 5. Maji yakiwa maangavu kabisa, usishangae kuwakuta kwenye futi 8, hasa krapi mweusi. Kisha kumbuka macho: kama kichaka kinaanzia chini kwenye futi 6, chambo kikae futi 4 au 5, kisiguse chini.

Unapotafuta kina, kitafute kwa mpangilio. Watu wawili kwenye mashua moja wasivue kina kimoja: mmoja aweke futi 3, mwingine futi 6, na wa kwanza kupata amwambie mwenzake kwa sauti. Mahali pasipojibu kwa dakika kumi na tano, ondoka. Kambare unaweza kumsubiri. Krapi hufuatwa alipo.

Lipo na jambo la mwisho kwenye dalili hii ambalo halitajwi vya kutosha: kelele na kivuli. Krapi aliye kwenye futi 2 za maji anakuona. Mfuniko wa ndoo ukidondoka, mlango wa boksi ukigongwa, mashua ikipita juu ya kiota, umemfukuza. Simama mbali na utumie fimbo ndefu ya futi 10 hadi 12, ushushe jigi wima kando ya kisiki bila kurusha chochote. Ukivua kutoka nchi kavu, usiingie majini mpaka magotini kabla hujavua pale unapotaka kukanyaga.

Dalili: jana walijaa, leo kimya

Samaki hawajatoka ziwani. Wamehama futi chache, na sababu ni mojawapo ya hizi.

Baridi imepita usiku. Ishara zake unazijua ukitoka nje asubuhi: anga la buluu lisilo na wingu, upepo wa kaskazini, hewa kavu. Maji mafupi hupoa kwanza. Jike hurudi nyuma mpaka kwenye mteremko wa kwanza wa maji ya kina. Dume lenye mayai hubaki, lakini hujibana kwenye kisiki na hataki kukimbiza kitu. Hapa usibadilishe rangi. Punguza uzito na mwendo. Ikiwa ulitumia jigi ya aunsi 1/16, weka ya 1/32 chini ya boya, uisogeze karibu kabisa na mti, kisha usifanye lolote. Kuiacha itulie ndiko kuvua siku hiyo, na kunahitaji subira kuliko kazi nyingine yoyote ya msimu huu. Siku hizo usianze mapema. Saa za alasiri, jua likishapasha maji, ni bora kuliko alfajiri. Na vaa jaketi la kuokolea hata kama unaogelea vizuri. Maji ya 55°F huondoa nguvu za mikono haraka, na sehemu pana ya ziwa upepo wa kaskazini hupandisha mawimbi ambayo mashua ndogo haiyawezi. Siku hiyo kaa ndani ya hori.

Sababu ya pili ni kimo cha maji, na kwa Ziwa Kentucky hii ni ya kufuatiliwa kwa makini. Ziwa limetokana na bwawa la Kentucky lililokamilika mwaka 1944 kwenye Mto Tennessee, na TVA, yaani Mamlaka ya Bonde la Tennessee, ndiyo hupandisha na kushusha maji. Majira ya baridi kimo hushushwa hadi futi 354 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Aprili 1 hupandishwa hatua kwa hatua hadi futi 359 mwanzoni mwa Mei. Ziwa Barkley, ambalo bwawa lake kwenye Mto Cumberland lilikamilika mwaka 1966, limeunganishwa na Kentucky kwa mfereji, hivyo huenda nalo. Maana yake ni kwamba katikati ya msimu wa kutaga ukingo unahama. Kichaka kilichokuwa nchi kavu tarehe 5 Aprili kinaweza kuwa na futi 3 za maji tarehe 25, na krapi wameshaingia ndani yake huku wewe bado unapiga kisiki cha wiki iliyopita. Maji yakipanda, sogea ukingoni na uingie vichakani. Yakishushwa ghafla baada ya mafuriko, rudi nje hadi kwenye matawi ya kwanza yenye maji ya kutosha. Krapi huogopa kukwama kwenye maji yanayokimbia. TVA hutangaza kimo cha kila siku. Kitazame kabla hujawasha gari, kwa sababu kutoka Louisville ni mwendo wa zaidi ya saa tatu.

Sababu ya tatu ni upepo uliopiga ukingo mmoja usiku kucha na kuchafua maji. Vuka upande wa pili wa hori, ndio dawa.

Dalili: boya linalala, halizami

Huyo ni samaki. Inua fimbo.

Wengi wetu tulijifunza kuvua kwa kusubiri boya lizame, na kwa samaki wengi hilo ni sawa. Krapi huja kutoka chini. Hufika chini ya chambo, hufungua kinywa na kukifyonza pamoja na maji, kisha hubaki palepale au hupanda kidogo. Ule uzito wa jigi au chubwi uliokuwa ukilivuta boya lisimame wima sasa umo kinywani mwake. Boya linalegea, linainama, linalala ubavu juu ya maji kana kwamba ndoana imegusa chini. Linaweza kukaa hivyo sekunde mbili tu. Akihisi kitu kigumu anatema, na boya linasimama tena kama hakuna kilichotokea. Mvuvi anayesubiri lizame ataapa kwamba hakuguswa siku nzima.

Anayevua bila boya aangalie mshipi wenyewe. Jigi ikishuka kuelekea futi 6 na mshipi ukasimama kwenye futi 4, kuna aliyeidaka njiani. Mshipi ukisogea kando bila upepo, vilevile. Ndiyo maana napendelea mshipi wa rangi ya njano unaoonekana vizuri. Kwenye maji ya masika ya ziwa hili sijaona ukiwatisha krapi.

Boya likicheza haraka haraka, linazama nusu na kurudi mara nyingi, huenda ni bluegill, samaki wadogo wa jamii ya krapi, wanaomenya chambo, au kidagaa chako kinakimbia kwa hofu kwa sababu krapi yuko karibu. Subiri kidogo, kidagaa kikitulia ghafla, jiandae. Ikiendelea vilevile na ndoana inarudi tupu, ni bluegill, na dawa ni kuhama au kuacha vidagaa na kutumia jigi ya plastiki.

Boya likiwa kubwa mno tatizo ni jingine: krapi anavuta, anahisi boya linambishia, anaacha. Chukua boya jembamba, lifunge na jigi unayotumia, ulitie majini karibu na mashua. Ikibaki ncha tu juu ya maji, umepatia. Likielea nusu nzima, ongeza kipande kidogo cha risasi futi moja juu ya jigi au tafuta boya dogo zaidi. Ukihitaji kina kinachozidi urefu wa fimbo yako, tumia boya linaloteleza kwenye mshipi na kuzuiwa na fundo dogo la uzi. Unasogeza fundo, na kina kinabadilika bila kukata kitu.

Dalili: anauma, anapanda, anang'oka

Mshike krapi mmoja, mfungue kinywa na uelekeze shavu lake juani. Ngozi ya pembeni inapitisha mwanga. Ndoana ikiingia hapo nawe ukavuta kwa nguvu, tundu linapanuka na kuwa mwanya, na samaki anatoka kwa uzito wake mwenyewe.

Kwa hiyo usipige fimbo juu kwa mkono wote kama anayevua samaki wa besi (bass). Kaza mshipi, inua kifundo cha mkono, basi. Fimbo iwe laini, inayopinda mpaka katikati. Mshipi wa nailoni wa kawaida wa pauni 4 hadi 8 unanyumbuka kidogo na kusaidia. Ule wa kusokotwa haunyumbuki, na ukiutumia legeza zaidi breki ya gurudumu la mshipi. Breki iachie mshipi unapouvuta kwa mkono bila shida. Kosa kubwa kuliko yote ni kumnyanyua samaki kutoka majini kwa fimbo na kumrusha ndani ya mashua. Tumia wavu wa mkono. Uweke majini kabla samaki hajafika, mwongoze aingie kichwa mbele, kisha nyanyua wavu.

Samaki waking'oka mmoja baada ya mwingine hata baada ya haya, kagua ncha ya ndoana kwenye ukucha. Ikiteleza bila kukwaruza, ni butu. Inoe au ibadilishe.

Dalili: wadogo tu, au madume tu

Ukiwa unavuta samaki weusi wa kifua ukingoni na hupati hata mmoja mwenye tumbo pana, uko juu ya viota na majike hayapo. Ama hayajaingia, ama yameshaondoka. Geuka uelekee katikati ya hori, tafuta mteremko wa kwanza, labda mita kumi au ishirini kutoka ukingoni, vua futi 6 hadi 12. Mara nyingi majike yametulia hapo yakielea karibu na kisiki, hayakugusa chini wala juu. Hao ndio wakubwa.

Wadogo wengi mahali pamoja maana yake kundi hilo ni la rika hilo. Krapi hutembea na wa umri wao, kwa hiyo kungoja mkubwa atokee humo hakusaidii. Idadi ya krapi ziwani pia hupanda na kushuka sana mwaka hadi mwaka, kutegemea jinsi kizazi kilivyofaulu. Mwaka ukiwa wa wadogo, itabidi utembee zaidi.

Chukua rula na uitumie. Ziwa Kentucky na Barkley zina urefu wa chini wa krapi anayeruhusiwa kuchukuliwa pamoja na idadi ya juu kwa siku, na maziwa mengine yana sheria zake. Soma kijitabu cha mwaka huu cha idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo, si ulichoambiwa na jirani. Kuanzia umri wa miaka 16 leseni inahitajika Kentucky, na mwaka wa leseni huanza Machi 1. Leseni ya kawaida ya mwaka uliyonunua kiangazi kilichopita iliisha mwisho wa Februari, yaani kabla tu krapi hawajaanza kusogea. Nimeona ndugu zetu wakitozwa faini kwa kutolijua hili, wala hakuna aliyekusudia kuvunja sheria. Tena ziwa linavuka mpaka na kuingia Tennessee. Jua uko upande gani.

Kuhusu madume yanayolinda viota, msimamo wangu ni huu: kuvua kunaruhusiwa, lakini usikikalie kichaka kimoja mpaka kiishe. Dume likitolewa, bluegill huyafikia mayai mara moja. Chukua watatu wanne, sogea kichaka kingine. Familia itakula vizuri, na hori litakuwa na kitu mwakani.

Dalili: maji yamekuwa kahawia

Wengi hugeuza gari na kurudi nyumbani, nami naliona hilo ni jambo la kusikitisha, maana siku za tope zinaweza kuwa nzuri. Maji ya tope hupata joto haraka juani, na krapi aliye ndani yake husogea maji mafupi zaidi na kukaa karibu zaidi na mti. Eneo la kutafuta limepungua. Mtihani ni kumfanya akione chambo.

Hapa sasa rangi ina maana. Njano-kijani kali, nyeusi kwa njano-kijani, au rangi ya chungwa huonekana kuliko nyeupe na za kung'aa. Chagua jigi yenye umbo nene kidogo, au weka kidagaa kwenye jigi ili kuwe na mtikisiko na harufu. Shusha karibu na shina lenyewe, inchi chache, na ukae hapo muda mrefu kuliko kawaida. Samaki anatafuta kwa kupapasa. Kama mvua bado inaingiza maji baridi kutoka kijitoni, usiende juu kabisa ya hori. Tafuta mstari ambapo maji ya kahawia yanakutana na yale yaliyo safi kidogo, na uvue upande wa maji safi.

Dalili: unakwama kila mara

Krapi anaishi kwenye matawi, hivyo asiyekwama hayuko mahali pazuri. La kurekebisha ni jinsi ya kutoka. Tumia ndoana ya waya mwembamba na mshipi wenye nguvu kuizidi: ukivuta polepole na moja kwa moja, ndoana inanyooka na kutoka, unaipinda tena kwa koleo. Kutikisa kwa hasira huizamisha zaidi na kumtisha kila samaki aliyemo mtini. Tena acha kurusha kuvuka kichaka. Shusha wima juu yake, tundu kwa tundu, na uinue njia ileile uliyoshukia.

Dalili: vidagaa vinakufa ndooni

Sababu kubwa ni maji ya bomba. Yana klorini, na vidagaa haviwezi kuivumilia. Tumia maji ya dukani vilikonunuliwa au ya ziwani. Sababu ya pili ni mshtuko wa joto: mfuko wa vidagaa uelee kwanza ndani ya ndoo mpaka joto lilingane, ndipo uvimwage. Ndoo isikae juani, isijazwe kupita kiasi, iwe na pampu ndogo ya hewa, na kila kilichokufa kitolewe mara moja.

Vilivyobaki jioni usivimwage ziwani. Kapu wa fedha, wale wanaoruka juu mashua inapopita, wameshalisumbua ziwa hili vya kutosha, na watoto wao wanafanana sana na samaki wadogo wanaotumiwa kama chambo. Hamisho la ndoo moja linaweza kuwapeleka kwenye ziwa ambalo bado halina.

Dalili: wiki iliyopita walikuwepo kila kichakani, sasa hakuna popote

Pima joto. Likisoma 70°F au zaidi, na majike machache unayopata yana matumbo yaliyolegea, kutaga kumekwisha kwenye hori hilo. Kwanza jaribu mahori yaliyochelewa: makubwa, yenye maji ya kina, yanayotazama kaskazini. Hapo unaweza kupata siku kadhaa zaidi.

Huko nako kukiwa kimya, fuata njia waliyoingilia, kwa kurudi nyuma. Majike yaliyotaga hupumzika na huenda yasile vizuri kwa siku chache. Yakirudia kula utayakuta kwenye rasi na kingo za mkondo ulizovua mwezi Machi, futi 10 hadi 15, kwenye marundo ya matawi yaliyozamishwa na wavuvi. Madume huja baadaye, wachanga wakishatawanyika. Ongeza jigi hadi aunsi 1/8 ifike chini bila kuchelewa, isimamishe futi moja juu ya rundo, na uanze kuvua alfajiri kabla jua halijapanda.